Utambi Mvivu wa Ouyang Guixiu

Saa moja kasorobo asubuhi ukungu bado umekalia mabonde ya Liuyang, na Ouyang Guixiu amesimama mlangoni mwa karakana namba kumi na nne, mikono ameifunga nyuma kama mtoto aliyekatazwa kugusa sufuria.

Mbele ya viatu vyake pana mstari wa njano uliochorwa sakafuni. Haruhusiwi kuuvuka. Ana miaka hamsini na minane, na kanuni ya kiwanda hiki cha fataki ni kwamba mwanamke akishatimiza hamsini na mitano hashiki tena baruti.

Ng'ambo ya mstari, juu ya kigoda, ameketi Zeng Manhua, msimamizi wa karakana, mwenye miaka arobaini na mmoja. Amevaa nguo za pamba tupu. Hana saa, hana simu, hana hata kibanio cha nywele. Mapajani ameweka ubao, na juu ya ubao anasokota utambi kwa kiganja.

"Polepole," Guixiu anamwambia.

"Naenda polepole, dada."

"Huendi polepole. Unasokota kama unamsuka nywele binti wa mkuu wa wilaya. Huu ni utambi mvivu, mama. Legeza, kaza, legeza tena. Uwe kama mtu aliyetumwa dukani na hataki kwenda."

Manhua anacheka bila kuinua kichwa. "Kama mume wangu."

"Haya, msokote mumeo."

Kiasi cha shibiri tatu kinatoka. Guixiu anakitazama kwa mbali, anainamisha shingo, anafumba jicho moja. Kisha anatikisa kichwa. Manhua anautia utambi ule kwenye pipa la maji lililo mlangoni na kuanza upya. Ni wa kumi na saba tangu juzi.

"Mikono ni ya Manhua," Guixiu anaeleza, "lakini matusi ni yangu. Sheria haijakataza matusi."

Wanawake hawa wawili wanakimbizana na kalenda. Wana kibali cha kuwasha fataki za majaribio mara tatu. Mbili zimekwisha kushindwa. Ya tatu ni tarehe ishirini na nne ya mwezi wa kumi na mbili wa kalenda ya mwandamo, siku ya kufagia nyumba kabla ya mwaka mpya. Ikishindwa na hiyo, kibali kinafungwa, na fataki iitwayo Bibi Harusi Arudi Kwao itaandikwa kwenye kabati la kioo la jumba la maonyesho kwamba imekoma duniani.

Guixiu hataki kabisa kulisikia neno hilo.

"Kukoma ni neno la mtu aliyechoka kutafuta," anasema.

Waliozaliwa pande hizi kabla ya mwaka elfu moja mia tisa na themanini wanaikumbuka Bibi Harusi. Siku ya tatu baada ya arusi, msichana anaporudi kuwaamkia wazazi wake, kaka yake alisimama langoni na kuiwasha. Ilikuwa fupi, nene kama kidole gumba, imevikwa karatasi nyekundu. Ilipaa juu ya barabara, ikasimama angani kitambo kidogo kana kwamba imesahau kitu, kisha ikageuka na kurudi pale pale ilipotoka. Ikapasukia langoni.

Ikirudi vizuri, wanawake walipiga vigelegele. Ikiangukia kwa jirani, ulikuwa utani wa mwaka mzima: binti yenu atakuwa akila kwa watu.

Ya Guixiu mwenyewe iliangukia kwenye hori la nguruwe. Wifi zake walicheka mpaka wakakaa chini. "Wakasema nitanenepa na sitakuwa na akili," anakumbuka. "Kunenepa hawakukosea." Aliishi na mumewe, Luo Shuilin, miaka ishirini na tisa, hadi alipofariki kwa kiharusi miaka sita iliyopita.

Bibi Harusi iliondolewa kwenye orodha ya fataki zinazoruhusiwa mwaka tisini na tatu. Sababu haikuwa siri. Kitu kinachowashwa kikaenda kikarudi kwa aliyekiwasha kilikuwa kimekwisha kuunguza zizi moja, kofia mbili za majani na kuku aliyekuwa akiatamia. Viwanda vilivyokuwa vikiitengeneza vikageukia za masanduku, zile zinazopaa mia kwa mpigo na kumaliza kazi kwa dakika mbili. Mafundi walioijua wakazeeka. Wakafa mmoja mmoja, wala hapana aliyeandika kitu, maana wengi wao hawakujua kuandika.

Guixiu alianza kukusanya mwaka ule ule. Hakuwa na nia kubwa. Alipita kwenye duka la kijijini kwao akamkuta mwenye duka anataka kuzitupa mtoni zote zilizokatazwa. Bibi Harusi zilikuwa zimebaki mbili. Akaenda nyumbani, akateremsha paja la nguruwe lililokuwa likining'inia juu ya moshi wa jiko tangu majira ya baridi, akalibadilisha kwa zile fataki mbili na nyingine za mchanganyiko.

"Shuilin alirudi kutoka shambani akatazama juu ya jiko, akaona kamba tupu," anasimulia. "Akaniuliza, nyama imekwenda wapi? Nikamwambia, imekwenda arusini. Jioni akala mboga za majani, akaniambia: kesho usiuze mlango."

Kwa miaka thelathini na zaidi amezunguka vijiji vya jimbo la Hunan kwa basi na kwa miguu. Kwa siku analipwa yuan tisini na sita za kukunja mabomba ya karatasi, kazi aliyohamishiwa alipofika umri wa kuachishwa baruti. Wenzake hununua nyama na nguo za wajukuu. Yeye hununua vitu ambavyo wenyewe wamevisahau darini. Kufikia mwaka huu alikuwa na fataki mia mbili na kumi na nne za aina tisini na tatu, kila moja imefungwa kibandiko cha karatasi chenye jina na mahali ilipotoka. Kuna Panya wa Sakafuni, anayekimbia kwa kuzunguka. Kuna Chura Aomba Mvua. Kuna Kuku Ataga Mara Tatu, na kuna Mke Mwenza, inayolia kwa muda mrefu kuliko inavyowaka.

Hazikai nyumbani. Mtu wa Liuyang halali na baruti chini ya kitanda, hata akiwa mjinga. Mwenye kiwanda alimpa rafu moja katika ghala namba tatu, lililochimbwa ndani ya kilima, na kila mwezi mkaguzi huzihesabu pamoja na mali ya kiwanda.

Mwezi wa nane kikaja kikaratasi: ghala namba tatu litabomolewa. Mambo yote yaliyofuata yalianzia hapo.

Jumba la maonyesho la mjini likamtuma kijana wake, Shen Yichen, mwenye shahada na viatu vyeupe. Alikuwa mpole. Alikunywa chai ya tangawizi na chumvi mpaka chini, akatafuna na maharage yaliyobaki kikombeni, na Guixiu akampenda kwa hilo. Kisha akasema jumba litachukua mkusanyiko wote, litaandika jina la Guixiu ukutani kwa herufi kubwa, ila kwa sharti moja: baruti itolewe, na ndani yajazwe maranda ya mbao.

"Ukimtoa samaki matumbo, ukamjaza pumba, ukamweka mezani," Guixiu alimwuliza, "utaniitia wageni waje kula?"

"Bibi, ni kwa ajili ya usalama."

"Usalama naujua. Nimeufanyia kazi toka nina miaka kumi na miwili. Vidole vyangu vyote kumi hivi hapa, vihesabu."

Shen hakuvihesabu. Walibishana mpaka chai ikapoa, wakafikia mahali. Guixiu angetoa fataki mia mbili na kumi na tatu zikajazwe hayo maranda. Lakini Bibi Harusi ya mwisho (ile nyingine alikuwa ameiwasha zamani, kabla vibali havijawa vigumu namna hii) ingewashwa mbele ya watu, mchana, kwenye kiwanja cha majaribio, ili walioisahau waione na wasioijua waijue.

Shen akapeleka ombi. Likarudi: hakuna kinachowashwa bila karatasi ya kueleza kilichomo ndani yake.

"Basi ifungue uone kilichomo," Shen alimwambia.

"Nikiifungua sina cha kuwasha."

"Usipoifungua huna kibali."

Pale palikuwa na fundo, na kila mmoja alishika ncha moja.

Aliyelikata fundo hilo ni shemeji yake, Luo Qiusheng, ndugu mdogo wa marehemu mumewe, naye hakukusudia. Qiusheng ni mlinzi wa zamu kiwandani, mwaka wa thelathini na tatu sasa. Kila jioni hupita karakana baada ya karakana. Kitu chochote atakachokikuta juu ya meza bila kibandiko hukitumbukiza kwenye pipa la maji. Ndivyo watu wa fataki walivyolelewa. Kisicho na jina hulala majini. Huulizi ni cha nani, wala husemi kesho.

Siku hiyo Shen alikuja karakanani kupima fataki na kuzipiga picha. Akafungua kibandiko cha Bibi Harusi kwa sababu kilikuwa kinaziba karatasi nyekundu. Simu ikamwita mjini. Akaiacha mezani akatoka mbio, akidhani Guixiu atairudisha ghalani. Guixiu alikuwa kwenye mabomba yake ya karatasi, akidhani Shen bado anaipima.

Qiusheng akapita.

Guixiu alipofika alimkuta shemeji yake anafunga mlango, na pipa limetulia.

"Shemeji, pale mezani palikuwa na kitu chekundu."

"Kilikuwapo. Hakikuwa na jina."

Guixiu alirudi nyumbani kwa miguu, akapika wali, hakuula.

Kwa siku mbili hakuzungumza na mtu. Qiusheng alikuja mlangoni na nyama ya moshi, akaitundika kwenye msumari, akaondoka. Akaja tena na bakuli za nyama iliyopikwa kwa mvuke na mkewe. Mara ya tatu akakaa kwenye kizingiti.

"Shemeji, nitukane basi," akasema. "Ukinyamaza naumwa tumbo."

"Nikikutukana utapona. Sitaki upone."

"Nilifanya kazi yangu."

"Najua. Ndiyo maana sina pa kukushika. Ungekuwa mvivu, tungekuwa na fataki."

Kisha akamwuliza jambo ambalo hakulifikiria tangu siku ile. Kitu kikitumbukizwa, hukaa majini siku ngapi kabla ya kutupwa?

"Tatu. Mpaka kiwe uji."

"Leo ni ya ngapi?"

Qiusheng akahesabu kwa vidole, akasimama.

Manhua ndiye aliyekuwa zamu. Alikubali kwa sharti kwamba kila kitu kibaki ndani ya maji, na Guixiu akae nyuma ya mstari. Akamwaga sehemu ya maji kwenye beseni jeupe, akaiweka Bibi Harusi humo, na kwa vijiti vya kulia chakula akaanza kuibambua, tabaka baada ya tabaka. Guixiu alitoa shingo juu ya mstari kama bata. Qiusheng alishika taa.

Karatasi nyekundu. Karatasi ya kaki. Uzi wa katani, mizunguko kumi na minne. Donge la udongo wa mfinyanzi lililokaa upande upande, si katikati. Manhua alikuwa akitaja, Qiusheng akiandika kwenye kiganja kwa kalamu ya wino.

"Utambi," Manhua akasema. "Na hapa tena... dada, kuna utambi wa pili."

"Haiwezekani."

"Upo. Umejikunja kama funza. Na umesokotwa ovyo, sehemu nene, sehemu nyembamba."

Guixiu akaomba auone. Manhua akauinua kwenye maji kwa ncha za vijiti. Na hapo Guixiu akafanya jambo ambalo shemeji yake anasema hajawahi kuliona hata kwenye mazishi ya Shuilin. Alikaa chini sakafuni, akafunika uso kwa aproni.

Aliujua ule utambi. Alipokuwa na miaka kumi na miwili aliwekwa na wasichana wengine wanane katika chumba cha kijiji kusokota. Wengine walisokota utambi wa kawaida, ulionyooka. Watatu, na yeye mmojawapo, walipewa kusokota ule wa ovyo. Walioupokea hawakueleza ni wa nini. Wasichana wengine waliwaita wavivu, na jina likawakaa miaka minne. Walilia. Walidhani wamepewa kazi ya wasioweza kazi.

"Kumbe ndiyo uliokuwa ukiisimamisha angani," Guixiu anasema. "Ule wa kwanza unaipeleka. Huu unaifanya ingoje, halafu ndiyo inageuka. Nimeitafuta hii miaka thelathini, nimeuza nyama ya mume wangu, kumbe nusu yake nilikuwa nayo kwenye viganja."

Mashine hazisokoti utambi wa namna hiyo, maana kazi yake ni kunyoosha. Katika wale wasichana watatu, mmoja amefariki na mwingine amehamia kwa mwanawe Guangdong, ana mtetemeko wa mikono. Amebaki Guixiu, ambaye haruhusiwi kugusa baruti.

Hapo mtu mwingine angekata tamaa. Yeye alimwandikisha Shen karatasi ya kilichomo ndani, kitu kwa kitu, akapeleka ombi jipya: si la kuwasha ya zamani, ila la kutengeneza mpya kumi na mbili katika kiwanda chenye leseni, ziwashwe kwa waya wa umeme, watu wakiwa nyuma ya ukuta wa mchanga. Likakataliwa. Akapeleka tena. Likakataliwa kwa sababu ya mhuri. Mara ya tatu alikwenda mwenyewe na kitambaa chenye chakula cha mchana, akakaa kwenye benchi la ofisini mpaka saa ya kufunga, siku nne. "Siku ya nne karani alikuwa ananiombea mimi kwa mkubwa wake," anasema. "Alikuwa amechoka kunusa pilipili zangu."

Kibali kikatoka: majaribio matatu, na mwisho wake kabla ya mwaka kuisha. Lazima moja irudi ndani ya duara la chokaa lenye hatua tano.

Anamfundisha Manhua kwa uzi na majivu. Yeye husokota majivu upande wake wa mstari, Manhua husokota baruti upande wa pili.

Jaribio la kwanza, fataki nne zilipaa na hazikurudi. Moja waliikuta kwenye miti ya mafuta ya chai, mwendo wa kumaliza kiko kimoja cha tumbaku. Mkaguzi aliyeshika saa aliandika, akasema kwa sauti ya watu wote kusikia, "Bibi harusi huyu amemtoroka mume na wazazi pia."

Watu walicheka. Guixiu alisubiri wamalize.

"Bwana mkaguzi," akamwambia, "mkeo alirudi kwao siku ya tatu?"

"Alirudi."

"Mara ya kwanza tu, bila kufundishwa njia?"

Mkaguzi akafunga daftari. Hata hivyo alikuwa anatabasamu.

Jaribio la pili lilikuwa wiki iliyopita. Tatu zilikwenda moja kwa moja. Ya nne ilipaa, ikasimama. Kila mtu aliiona imesimama. Qiusheng anasema alihesabu mpaka mbili. Kisha ikageuka, ikaanza kuja, ikafika nusu ya njia, ikapasuka juu ya mto.

Kwenye daftari imeandikwa: imeshindwa. Shen alikuja jioni hiyo kumpa pole. Alikuwa amekwisha kuchapisha kibandiko cha kabati la kioo, chenye mwaka wa kuzaliwa kwa fataki na mwaka wa kukoma kwake, akamwomba atie sahihi kwamba maelezo ni sahihi.

"Sitii," Guixiu alimwambia.

"Bibi, ni tarehe tu. Zinajulikana."

"Ya kwanza inajulikana. Hii ya pili ulikuwapo? Wiki hii nimeiona ikigeuka. Kitu kilichokoma kinageuka?"

"Lakini isiporudi tarehe ishirini na nne?"

"Nitaomba kibali kingine. Karani ananijua."

Manhua amegundua kosa, au anaamini hivyo. Alikuwa akisokota mwanzo wa utambi kwa uvivu, na mwisho kwa bidii, kwa sababu mikono yake ikizoea kitu hukifanya vizuri. Asubuhi hii, utambi wa kumi na nane unapotoka, umelegea na kukaza, umelegea tena, mbovu toka ncha hadi ncha. Anauinua juu ili Guixiu auone.

Guixiu anafumba jicho moja. Anainamisha shingo upande huu na upande ule, mpaka Manhua anaanza kuushusha kuelekea kwenye pipa.

"Uache," anasema. "Huo ni mbaya kabisa. Andika jina lake, uufunge kibandiko."

Zimebaki fataki nne na siku tisa. Guixiu amekwisha kupanga mambo ya baadaye, naye anayataja kama mtu anayetaja mboga za kununua sokoni. Binti wa Manhua anaolewa tarehe kumi na sita ya mwezi wa kwanza. Tarehe kumi na nane atarudi kuwaamkia wazazi wake. Mahali pa kuwasha pamekwisha kupimwa, shamba la mpunga lililokauka mbele ya nyumba, hatua arobaini kutoka kwenye lango, na mkaguzi amealikwa kula ili asiwe na sababu ya kukosa.

"Nimewaambia wafunge kuku," anasema, "na wasipange viti karibu na lango."